Jina la Nakala

Basi la kwenda Gahanga lilikwama kwenye foleni pale Sonatubes, na Mtanzania aliyekaa mbele yangu alikuwa anaangalia tamthilia kwenye simu, sauti juu, kwa hiyo tuliiangalia wote bila kuulizwa. Mwanamke anatengenezewa maabarani nakala ya binti yake aliyekufa, nayo nakala inatokea msibani na kuomba wali. Jamaa akacheka mpaka akapaliwa.

"Unacheka nini, kaka?" akauliza mama aliyekaa naye, kwa Kiswahili cha Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka. "Si vichekesho, mama?" "Mimi nimeiona yote. Sikucheka hata mara moja." "Lakini mama, mtu hatengenezwi kama mkate! Yule si mtoto." "Wewe umezaa?" "Bado." "Basi nyamaza."

Hakunyamaza. Wenye simu kubwa huwa hawanyamazi. "Haya, nyinyi Wanyarwanda kila mtoto mnampa jina lake mwenyewe, siku ya nane tangu azaliwe, watu wanakusanyika. Huyo wa maabara mngemwita nani? Si jina alishaondoka nalo marehemu?"

Mama akageukia dirishani. Nikajua ameshindwa, na nakiri nilifurahi, maana kichwa kilishaanza kuniuma. Foleni ikafunguka, tukafika Gahanga. Mlango ulipofunguka akasimama, akatundika mkoba begani.

"Wangu angeitwa Gahongayire," akamwambia. "Alikufa siku ya sita. Jina bado ninalo."

Akashuka. Simu iliendelea kucheka peke yake.