Moyo wa Kipa

Kijiwe cha Fundi Viatu kina benchi moja, birika moja la kahawa na madaktari wengi wasio na hospitali. Asubuhi hiyo kesi ilikuwa moja: jana, watu wote wakitazama kwenye televisheni, beki wa timu ya ligi kuu alianguka uwanjani bila kuguswa na mtu. Moyo ulisimama. Yuko hospitali, hajazinduka. Kila mtu alikuwa na la kusema isipokuwa Katibu wa timu ya mtaani kwao, ambayo nayo ni ya ligi kuu. Yeye alikuwa akipuliza kahawa iliyokwisha poa kitambo.

— Ni maji baridi, alianza Profesa, aliyepata cheo hicho kwa kusoma magazeti ya kufungia viatu. Mtu kakimbia dakika sabini, unampa barafu! Moyo lazima ushtuke.

— Maji wapi! akadakia Marudio, ambaye kila tukio hutaka lirudiwe. Nimeangalia mara sita. Kabla hajaanguka alitupa jicho jukwaani. Mchumba wake alikuwa amekaa na mtu.

— Kwa hiyo kaangushwa na wivu?

— Ndiyo! Damu nzito kuliko maji.

— Methali hiyo imeingilia mlango gani?

— Imepita dirishani. Wewe ipokee tu.

Fundi akatoa msumari mdomoni.

— Hamjui viatu nyinyi. Njumu za siku hizi soli nyembamba, umeme wa ardhini unapanda moja kwa moja mpaka kifuani. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

— Sasa njumu inaficha maradhi gani?

— Elewa hivyo hivyo.

Fundi alirusha jiwe gizani, likampata Katibu. Mwezi uliopita ligi iliagiza kila mchezaji apimwe moyo. Hospitali mbali, foleni ndefu, msimu unaanza. Katibu akampeleka kipa peke yake, akatoa nakala za cheti chake, akabadilisha majina. Wachezaji ishirini na wawili, moyo mmoja. Ofisi ya ligi ikagonga mihuri yote, tena ikaisifu timu kwa afya inayolingana.

— Sisi hatuna wasiwasi, Profesa alimpiga Katibu begani. Vyeti vyetu safi. Au siyo?

— Safi, alijibu Katibu, akapuliza tena kahawa yake.

Hapo akatokea mama yake winga wao, amefuata viatu vyake.

— Hamjambo, wanangu?

— Hatujambo, mama. Shikamoo.

— Marahaba. Afadhali nimekukuta, Katibu. Mwanangu jana kapanda ngazi, akakaa katikati kashika kifua. Anasema ni uchovu, cheti kimeandika mzima. Nami sibishani na karatasi ya daktari. Ila hebu niambie, alipimwa siku gani? Mwenyewe hakumbuki.

Profesa akafungua gazeti la mwaka juzi. Fundi akatafuta msumari alioushika mkononi. Marudio, kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, hakuomba kitu kirudiwe.

Katibu akainua birika, akalitikisa.

— Kahawa imekwisha, mama.

— Sikuomba kahawa, mwanangu, alisema mama, akaketi pembeni yake. Mechi yao ni leo saa kumi.