Tundu Moja la Umeme kwa Jino Dogo Kuliko Ufuta

Mgeni rasmi Bi. Raija Pohjonen, Mkurugenzi wa Majengo wa chuo chetu; bosi wetu Profesa Ilkka; na wewe fundi umeme uliyesimama mlangoni na bisibisi, karibu nawe, chukua keki.

UKARIBISHO
Sisi wafanyakazi wa Maabara ya Meno tumefurahi mno kukupokea leo Jumanne, unapozindua ukarabati wa jengo letu. Tuwie radhi tukichekacheka. Tangu jana hatujatulia, na kahawa tumekunywa kupita kiasi hata kwa desturi za hapa Helsinki.

KAZI YETU
Mgeni rasmi, jino halianzi likiwa gumu. Ndani ya kiinitete huwa ni matabaka mawili laini ya seli, la juu na la chini, na yanaongea! La juu linatuma ujumbe, la chini linajibu, kutwa kucha. Yakielewana, linatokea fundo dogo la seli ambalo lenyewe halikui hata kidogo. Kazi yake ni kuwaamuru majirani wakue. (Kama Profesa Ilkka. Alisema tuifute sentensi hii, tukakataa.) Pale fundo lilipo ndipo ncha ya jino inapochomoza. Ujumbe mmoja ukikosekana, ncha hazitokei sawasawa, na mtu anaweza kuishi na meno ya kuhesabu, hata bila jasho, maana tezi za jasho nazo huitwa na ujumbe huohuo.

MAFANIKIO
Sasa shangwe! Tulichukua chipukizi la jino la kijusi cha panya asiye na ujumbe mmojawapo, tukaliweka kwenye kisahani ndani ya kabati la joto, tukalidondoshea ujumbe lililoukosa. Siku tano, kimya. Jana asubuhi, ncha mbili! Watu wazima tulikumbatiana, jambo ambalo kwetu halifanyiki hata harusini. Ya tatu tunaitegemea Ijumaa.

Anayelilea ni Aune Räsänen, fundi sanifu wetu, aliye hapa miaka thelathini na mitatu, anayestaafu Ijumaa hiyohiyo. Jana hakubanduka kwenye hadubini, anagombana na ncha ya tatu: "We, amka bwana! Jirani kakuita mara ngapi?"

"Mama Aune, liache jino la watu lipumue," akasema Ilkka.

"Niache wewe! Mwanangu Tapani aliota meno sita tu, na jasho halimtoki, kwenye joto la sauna hamalizi dakika mbili. Nilikuja hapa kuosha vyombo ili nijue kwa nini. Leo ndiyo naona kwa macho yangu, halafu mnaniambia ninyamaze?"

Hatukujua. Hapa kwetu hatuulizani mambo ya nyumbani, na kwa hilo tuliona aibu kubwa.

CHANGAMOTO
Umeme unakatwa kesho saa mbili asubuhi. Tangazo lako lilibandikwa tangu Novemba. Sisi tukabandika ratiba ya zamu za kahawa juu yake. Kosa ni letu, hatupindishi maneno. Tulipoligundua wiki iliyopita tulijaribu kuhamia jengo la jirani. Machipukizi yalikuwa mawili; la kwanza Aune alilivusha uani, juu ya barafu, amelificha ndani ya sweta. Likapoa, likafa. Limebaki hili moja.

MAOMBI
Hatuombi maabara mpya. Tunaomba tundu moja la umeme, la chumba cha chini kwenye kabati la joto, liachwe hadi Ijumaa jioni. Mengine yote bomoeni, gongeni, kateni maji, zimeni taa, tutavaa makoti. Ila kabla hujatujibu, tafadhali shuka nasi ukachungulie hadubini. Ngazi ni kumi na nne tu.

Tunakutakia afya, ukarabati usio na hitilafu, na meno yako yote yakae mdomoni mpaka uzeeni.

Ni sisi wafanyakazi kumi na mmoja wa Maabara ya Meno. Sahihi ziko kumi. Aune hakupanda kutia yake: yuko chini, ameshikilia plagi ukutani, na amesema haachii.