Nusu Saa ya Kimya

Kamio, lori la mizigo, ilikuwa ikiteremka kutoka Karuba kwenda Kirotshe. Juu ya magunia ya maharagwe, Semana mchunga ng'ombe alikumbatia bidoni lake la maziwa, akajifanya amesinzia ili asikie vizuri. Kando yake mama mwenye kitoto kichanga alikuwa akimlalamikia Papa Marcellin, katekista: "Tangu nizae, nikisema 'Baba yetu' tu, usingizi inanikamata."

"Roho yako itakauka, mama. Kila asubui tafuta nusu saa ya kimya, wewe na Mungu tu."

"Na mutoto?"

"Mutoto atangoja."

Semana alikohoa. Hata ndama wake hawajui kungoja.

"Na bibi yako ya ndoa, Papa, yeye iko nasali saa ngapi?" mama akauliza.

"Ule? Na batoto bote bale? Mimi njo namusaliaka, namuombea kwa Mungu kila siku," alijibu katekista kwa unyenyekevu mkubwa.

Mama akafungua kikwembe alichombebea mtoto, akamtua mtoto juu ya suruali nyeupe ya katekista. "Basi leo wewe ulee, mimi nikusalie." Akafumba macho.

Mtoto akaangua kilio. "Mama! Mama, iko nalia!" katekista akaita.

Kamio iliposimama Kirotshe, suruali ilikuwa imelowa, na mama alikuwa bado hajafika kwenye Amina.