Sahihi Aliyoirudisha: Maisha ya Baba Gauthier Kapya, Mpimaji wa Vyuma

Baba Padri, ndugu, majirani, na ninyi wenzake wa atelye mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, familia inawaomba msikie kwa kifupi namna baba yetu alivyoishi.

Gauthier Kapya alizaliwa Sakania tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa tatu wa mzee Faustin Kapya, mfanyakazi wa reli, na mama Christiane Chanda. Shule ya msingi aliisomea hukohuko, kisha akaja Lubumbashi, akapata diploma ya ufundi mwaka 1986, na mwaka uliofuata akaingia atelye, yaani karakana, ya kampuni moja ya mgodi, kwenye meza ya kupima vyuma. Tarehe 5 Septemba 1992 alifunga ndoa na mama Victorine, wakabarikiwa watoto wanne.

Alipimia palmer, chombo kinachosoma mpaka sehemu ya mia ya milimita. Chini ya hapo, alisema, usiandike kitu, maana chombo hakioni.

Tarehe 17 Juni 2009 alipima mhimili wa winchi inayoshusha watu mgodini, akaandika kwamba unafaa, akatia sahihi. Mchana, akiwa nyumbani anakula, akakumbuka kwamba chuma kile kilikuwa kingali na moto, na chuma chenye moto hunenepa kidogo, nayo palmer haijui kutenganisha unene wa moto na unene wa chuma chenyewe. Aliacha sahani, akarudi kazini kueleza kwamba kipimo chake huenda kimezidi. Mkubwa wake, Bwana Gérard, akamwambia: "Kapya, ni sehemu tatu za mia tu, bantu banangoja kushuka." Akajibu: "Chef, ni mimi nilikosa. Ile sahihi yangu naitoa."

Winchi ikasimama, chuma kikapoa, kesho yake kikapimwa tena, kikakutwa chembamba kupita kiasi kinachoruhusiwa, kikabadilishwa. Baba alipewa barua ya onyo kwa kipimo kile cha kwanza, akaipokea bila kubishana.

Mwaka 2021 macho yalipoanza kufifia, aliomba mwenyewe kutoka mezani. Novemba 2024 figo zikashindwa. Muuguzi alipomuuliza, kutoka moja mpaka kumi, maumivu ni ngapi, alifikiri kwanza, akasema: "Kati ya sita na saba, kupita hapo siwezi kukuhakikishia." Alifariki tarehe 9 Machi 2025, asubuhi, binti yake Bénie akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Katuba waliotuletea viti na maji, na wenzake wote wa kazi.

Lala salama, Baba Kapya, mikono yako imefanya vya kutosha.