Pa Kuingilia, Pa Kutokea, Pa Kuinamia

Haya, mmeketi? Eliya, zima hiyo simu, wenye kokoa yao watasubiri. Na wewe Marta, acha kunipepea, upepo wa ziwa unanitosha. Mwenzenu Angetile, mke wa marehemu ndugu yenu Amon, yuko sebuleni nyuma ya ukuta huu, mahali pake pa siku zote. Nimemwomba asiondoke, na ninapaza sauti kadiri kifua kinavyoniruhusu ili naye asikie kila neno. Mimi baba yenu, Hezroni Mulyango, ninaondoka. Msiniambie nitapona. Daktari amenieleza kwa upole, nami nikamwambia ndaga fijo, asante sana, kwa upole uleule, nikarudi nyumbani na bajaji nikiangalia mapaa ya watu njia nzima.

Siku hizi nikisinzia mchana ninaziona nyumba. Zinakuja polepole kutoka upande wa ziwa, kwenye ule moshi wa wadudu wa kungu unaosimama juu ya maji mpaka mgeni adhani kuna meli inaungua, na kila nyumba inapita mbele ya kitanda changu, inasimama kidogo kama mtu anayengoja kupigwa picha, kisha inaendelea kuelekea milimani. Nyingine nilizipiga picha kabla ninyi hamjazaliwa, na zilishaoza mianzi yote, lakini zinapopita zimekandikwa upya na udongo bado una unyevu. Siogopi. Ninazihesabu, halafu ninasahau nimefika ngapi, ninaamka nikiwa nimefurahi.

Nianze na mepesi. Shamba la mpunga la Ngonga ni lako, Eliya, lote, mpaka kwenye mfereji. Kokoa na migomba iliyo nyuma ya kanisa ni ya Marta, hata kama anafundisha Mbeya na haji ila likizo, na Eliya usimwambie kwamba mwanamke aliyeolewa mbali hana shamba kwao, maana maneno hayo nimeyasikia ukiyasema na hayakunifurahisha. Hayo yamekwisha. Nguvu zangu nimeyawekea masanduku.

Mnayajua masanduku. Mmekua mkiyaruka. Ndani yake mna picha elfu mbili na mia tatu, na hakuna hata moja ya mtu aliyejipanga kutabasamu. Hizo za watu zilikuwa kazi ya studio, zilinilisha, na wenyewe walizichukua. Hizi ni za nyumba. Nilianza nikiwa kijana, mwaka ambao mabati yalianza kushuka kwa wingi kutoka Mbeya, nikaona nyumba ya bibi yangu kule Ngana inavuliwa nyasi kwa siku moja. Nyumba ile ilikuwa na kuta za mianzi zilizolala kidogo kwa nje, na katikati ya mianzi matonge ya udongo yaliyofinyangwa kwa mkono, kila tonge na alama za vidole vya aliyelifinyanga. Nililia, mtu mzima. Kesho yake nikachukua kamera ya studio na baiskeli, na kwa miaka arobaini sikuacha.

Eliya, uliwahi kuniuliza kwa nini nisizipange kwa majina ya wenye nyumba, ili mtu akija kutafuta kwao apate mara moja. Sikukujibu vizuri. Ukizipanga kwa majina, nyumba ya mkubwa inakaa na wakubwa, na kibanda cha mjane kinakaa peke yake mpaka kisahaulike. Mimi nilitaka zipangwe kwa mada: mapaa na mapaa, kuta na kuta, majiko, maghala, mabaraza, ngazi za wale wanaojenga juu kwa ajili ya mafuriko. Hapo ndipo unaona kwamba yule mjane alikunja nyasi zake kwenye pembe ya paa kwa ustadi ambao fundi wa mkubwa hakuuweza. Kupanga kwa mada ni kumtendea haki aliyejenga. Nilishindwa kuifanya kazi hiyo peke yangu, na aliyeifanya ni Angetile, aliyekuwa mtunza maktaba ya shule kabla hajaolewa hapa.

Sasa ninyi mnajua, ila ninasema ili wajukuu nao waje kujua, kwamba mimi na Angetile hatujawahi kuonana uso kwa uso. Miaka kumi na tisa. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani, hawakai chumba kimoja, wala yeye halitamki jina la mkwewe. Siku hizi wengi wameacha, wachungaji walishasema si lazima, na vijana wanatucheka. Sisi hatukuacha. Alipokuja kuwa bibi harusi alianza hivyo, nami nikaanza hivyo, na heshima ikishaanza hujui uisimamishe siku gani bila kuonekana umemvunjia mwenzako. Nikitoka ninakohoa, yeye anapita nyuma ya jiko. Tukikutana njiani anaingia migombani, ananipa mgongo, anachuchumaa mpaka nipite. Ninachokijua ni kitenge chake na visigino vyake.

Mama yenu Tulinagwe alipokuwa hai, yeye ndiye aliyepeleka maneno huku na huku. Alipofariki tukanyamaza mwezi mzima, picha zimelala. Kisha asubuhi moja nikiwa hapa kitandani nikasikia sauti upande wa pili: “Ukuta, mugonile. Nina picha namba mia nne na sita. Kuna baraza, kuna nguzo tano, ya tatu imepinda.” Hakuniamkia mimi. Aliuamkia ukuta, kwa salamu yetu ya Kinyakyusa. Basi nami nikaugeukia ukuta nikauambia kwamba hiyo ni nyumba ya pale darajani, na nguzo ya tatu haikupinda kwa uzee, ilikatwa hivyo kwenye mti uliopinda kwa sababu mwenyewe aliupenda. Halafu nikasikia kalamu.

Tumefanya kazi hivyo miaka sita, wanangu. Yeye anaeleza, mimi ninafumba macho. Ninataka mjue kwamba sijawahi kuziona nyumba zangu vizuri kama nilivyoziona kwa sauti ya yule mtu. Mimi nilipiga na kupita. Yeye alikaa. Aliona nyayo za mbuzi kwenye sakafu mbichi, aliona kwamba jiko fulani lina moshi wa upande mmoja tu, akauuliza ukuta kama mpishi alikuwa wa mkono wa kushoto. Alikuwa wa mkono wa kushoto! Nilimfahamu. Kuna siku mvua ilinyesha mpaka mabati yakatuzuia kusikilizana, tukakaa kila mtu upande wake tukingoja, na mchana ule ninauhesabu kati ya siku nzuri za maisha yangu.

Sasa nifike penye mwiba. Mwezi wa tatu alikuja yule dada wa nyaraka, Anitha, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku, mwenye adabu zake, akaiingiza orodha yote kwenye kompyuta. Mlikuwepo. Akaandika neno moja kutafuta, akangoja, akacheka kidogo kwa mshangao, akasema: “Mzee, mbona mkusanyiko wako wa nyumba hauna hata mlango mmoja?” Picha elfu mbili na mia tatu za nyumba, na kompyuta inasema milango sifuri. Eliya ukaona aibu. Ulisema mbele ya mgeni kwamba aliyeandika hajui kazi. Na jioni yake, Eliya, ulimwambia Marta kwamba masanduku yapangwe upya na mtu mwenye elimu, na kwamba Angetile hana linalomweka hapa tena, Amon ameshakufa, arudi kwa kaka zake Ngana. Mlidhani nimelala.

Na mimi nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu, na ninaliungama kwenu leo. Ningelieleza kwa sentensi moja, nikaona haya kumzungumzia mkwe wangu mbele ya mgeni, nikamwacha abebe lawama peke yake nyuma ya ukuta wakati anasikia kila kitu. Kwa siku tatu baada ya hapo ukuta haukuniamkia. Nililala hapa nikijiona mtu duni kabisa.

Sikieni sababu. Mama yangu aliponizaa alikuwa anakimbia mvua, na uchungu ulimshika hajamaliza kuingia, nikazaliwa mguu mmoja wa mama ukiwa ndani na mwingine nje. Wakaniita Mulyango. Na mulyango kwa Kinyakyusa ni nini, Marta, wewe mwalimu? Ni mlango. Mkwe wangu angeliandikaje neno hilo? Angelitamkaje kwa ukuta kila siku, mara mia tano? Hata la Kiswahili limefanana na jina langu mpaka mgeni angeyachanganya, na mwiko wetu unakataza hata neno linalofanana. Mimi mwenyewe niligundua kwamba analikwepa tulipofika sanduku la pili tu, nikacheka kimyakimya, sikumsahihisha.

Kwanza nilinyamaza kwa heshima. Baadaye nilinyamaza kwa sababu niliona anachofanya. Angekuwa na neno hilo moja, milango yote angeilaza kwenye sanduku moja na kufunga. Kwa kuwa hakuwa nalo, ilimbidi kila mmoja autazame. Mipana, iliyojengwa ili ng'ombe na wageni wapite bila kubanana, akaiandikia Pa Kuingilia. Ile ambayo mbele yake ardhi imekanyagwa mpaka imeng'aa, walikopita mabibi harusi wakienda na majeneza yakienda, akaiandikia Pa Kutokea. Na ile mifupi ya zamani, ambayo hata mkubwa wa nchi alikuwa lazima apinde mgongo ndipo aingie kwa mtu, akaiandikia Pa Kuinamia. Miaka arobaini nilipiga picha za milango na sikujua kuwa ipo ya aina tatu. Mwanamke aliyekatazwa kuitaja ndiye aliyenionyesha. Ninamwonea fahari, na nimechelewa kusema.

Kwa hiyo agizo langu ni hili. Orodha isiguswe. Marta, chukua kalamu, uandike kwa mwandiko wako mzuri ukurasa mmoja wa mbele: Anayetafuta milango atazame Pa Kuingilia, Pa Kutokea na Pa Kuinamia. Andika hivyo hivyo, tia na tarehe. Umpelekee Anitha, mweleze sababu bila kuona haya kama nilivyoona mimi, ataelewa, ni mtu wa kusoma. Akitaka nakala apewe. Masanduku yenyewe hayatoki hapa.

Na nyumba hii, yenye masanduku ndani, ni ya Angetile. Eliya, nitazame. Si ya marehemu Amon ili uje useme imerudi kwa ukoo. Ni ya Angetile, kwa kazi yake, na mwenyekiti wa kijiji ana karatasi niliyotia sahihi Jumatatu. Atakayemwambia mwanamke huyu arudi Ngana ananiambia mimi nitoke kaburini. Umenielewa, mwanangu? Usilie, sikukasirikii, nilikulea vibaya kidogo kwenye jambo hili kwa ukimya wangu. Kuna picha niliyomwahidi mzee Andongwisye, ya ghala lake kabla halijaanguka. Alinuna miaka minane kwa sababu sikumpelekea. Mpelekee wewe, kwa mkono wako, umwambie Hezroni ameomba radhi.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Limebaki moja, na hili sijui wazee wangesemaje. Mwiko huu ulikuwa na pande mbili na upande mmojawapo ni mimi. Upande wangu ninauachia leo, mbele ya watoto wangu. Angetile, mwanangu, sasa siongei na ukuta. Ninaongea na wewe. Ukitaka kukaa huko, kaa, heshima yako ni ileile na nyumba ni ileile. Sitakulazimisha kulitaja jina langu. Lakini kama unaona inafaa, ingia.

Tulieni. Msimwite. Mwacheni aamue mwenyewe.

Marta, mpishe.

Kumbe... kumbe we ni mfupi! Miaka yote hiyo sauti ilikuwa ya mtu mrefu. Usiangalie chini. Hapana, mwanangu, inua uso, na mimi nikuone... Una nywele nyeupe tayari. Ulizipatia hapa kwetu, na sikujua.

Kaa hapo kitandani, miguuni. Mungu awabariki wote watatu, mimi sina... sina pumzi ya kuwabariki mmoja mmoja. Pendaneni. Eliya, mwangalie huyu dada yako. Amenitunza. Angetile, mimi ndiye... ndiye yule wa upande wa pili. Mugonile, mwanangu. Mugonile.