Barakoa Niliyoivua Mwala

Ndugu zangu, Bwana asifiwe sana! Mimi ni Ndinda. Wengi wenu mlizoea kuona macho yangu tu, kwa sababu uso wote uliobaki niliuficha. Swali moja lilininyima usingizi: nikienda kutibiwa uso kwa mionzi ya leza, si nitakuwa namwambia Mungu kwamba alikosea kuniumba?

Nikiwa chuoni nilisumbuliwa na chunusi. Siku ya kufuzu ilipokaribia, nikataka uso laini wa picha. Nikakamua ndimu, nikachanganya na magadi, yale ya kupikia mahindi ya muthokoi, nikajipaka mashavuni. Ngozi ikaungua, ikabambuka, ikaacha makovu meusi yenye vishimo. Nikavaa barakoa. Ugonjwa wa korona ukaisha nchini, mimi bado nimeivaa! Hata Meza ya Bwana nilishiriki nikiinua pembe ya barakoa.

Shangazi Kavinya alinitania hapo nje ya kanisa: "Ndinda, korona iliisha. Ama wewe walikuachia yako?" Watu wakacheka. Nami nikacheka ndani ya kitambaa, kisha nikaenda kulia.

Nina digrii ya ualimu, lakini kila nilipoitwa kwa mahojiano nilibaki nyumbani Kalama. Niliwaza, watoto watasoma uso wangu badala ya ubao. Na nikitibiwa nikaharibika zaidi? Na nikipona, walioniombea watasema sikuwa na imani? Ndugu zangu, kuwaza kunachosha kuliko kulima!

Siku moja tulikuwa tukichambua mbaazi na mama. Nikajikaza.

"Mwaitu, mama yangu, nikienda kwa daktari, Mungu hatakasirika?"

Hakuinua hata kichwa. "Mungu anaingiaje hapo? Hayo makovu si yeye alikupa. Ulipewa na ndimu."

Haleluya! Kilichonifunga kikafunguka palepale. Nilicheka mpaka mbaazi zikamwagika.

Tukaenda pamoja kwa daktari wa ngozi mjini Machakos. Hakuniahidi uso mpya. Alisema makovu yatapungua lakini hayatafutika yote, na kwamba ngozi nyeusi ikiharakishwa inaweza kuongeza madoa. Kwanza akajaribu mionzi kwenye sehemu ndogo karibu na sikio. Ilipopona vizuri, ndipo akaanza mashavu, akanionya nijikinge na jua. Namshukuru Mungu kwa ile mikono isiyo na haraka!

Lakini matibabu haya ni ya miezi mingi, na shule moja kule Mwala ikaniita kwa mahojiano nikiwa bado nabambuka. Ndinda wa zamani angesema, ngoja nipone kwanza. Ndugu yangu unayengoja mambo yako yanyooke ndipo umwendee Mungu, mwamini leo, vile ulivyo. Hivyo ndivyo alivyonipokea mimi.

Nilifika mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu. Nikasema kimoyomoyo, "Bwana, tuingie." Nikavua barakoa, nikaikunja, nikaitia mkobani. Nikabisha hodi.