Odilia Tluway na Ufunguo wa Kabati la Kata

Tarehe 30 Juni 1998 Mama Odilia Tluway, karani wa ofisi yetu ya kata, anastaafu baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ingawa nikikumbuka mwisho wa mwaka 1994 bado nachemka.

Alikuja kwetu kutoka Gitting mwaka 1974, wakati matrekta ya mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yakisogea kila msimu karibu zaidi na maboma ya watu. Mihtasari yote aliandika kwa mkono, kwa mwandiko ulioonewa wivu na walimu. Mjumbe aliyesinzia kikaoni aliandikwa: "Alikuwepo, amelala." Wawili walilalamika. Hakufuta.

Kisha ukaja uchaguzi wa madiwani wa vyama vingi. Mzee Nikolausi, diwani wetu kwa miaka kumi, alishindwa kwa kura kumi na saba na Yoakimu Bura wa upinzani, muuza mbegu. Mzee akaenda nyumbani na ufunguo wa kabati la majalada, akidai kabati lililetwa na chama chake. Yoakimu naye, siku yake ya kwanza ofisini, akaja na shoka. Alitaka kabati lipasuliwe na makaratasi yote ya zamani yachomwe, ili aanze upya. Watu wazima kabisa!

Wiki hiyohiyo shamba la ngano la jirani lililima njia ya ng'ombe ya kwenda bwawani. Wafugaji wa upande wa Getanuwas wakajaa uani kwetu, mifugo yao ina siku mbili bila maji. Meneja mpya wa shamba alisema hajui njia yoyote. Makubaliano ya mwaka 1983, yenye sahihi ya meneja aliyemtangulia, yalikuwa ndani ya kabati lile. Mama Odilia alijua, maana aliyaandika yeye.

Alisimama mbele ya kabati. "Mheshimiwa, ukichoma haya, ng'ombe watakunywa ahadi zako?"

Yoakimu alitishia kumfukuza kazi, lakini shoka aliliweka chini.

Mama akatembea saa mbili hadi kwa diwani wa zamani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umetumwa na yule, rudi."

"Sijatumwa. Ng'ombe wako nao wanakunywa kwenye bwawa lilelile."

Mzee Nikolausi aliweka chini kikombe chake cha chai, akaingia ndani kuleta ufunguo.

Kesho yake madiwani wote wawili, wa zamani na mpya, walikwenda kwa meneja katika Land Rover moja bila kusemezana, karani akiwa katikati yao na jalada mapajani. Njia ilifunguliwa: upana wa hatua thelathini, ingawa karatasi ilisema hamsini. Yoakimu akatangaza mkutanoni kwamba ni ushindi wa chama chake. Mzee Nikolausi akasimulia nje ya kanisa kwamba ni yeye aliyeiokoa. Jina la Odilia halikutajwa na yeyote. Nilipomlalamikia, aliniuliza tu, "Wamekunywa?" Nikajibu wamekunywa. Akaendelea kuandika.

Basi leo nalitaja mimi. Asante, Mama Odilia. Wafanyakazi wenzako tunakuombea afya, mvua za kutosha na siku tulivu. Nenda ukalime viazi vyako, na mtu yeyote akikuletea habari za uchaguzi, mwambie umestaafu.